Mkongo wa Taifa umefika wilayani, lakini shule haina intaneti: mpango upimwe kwa kitu gani?

Mwalimu wa Nyanda za Juu (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo nimetakiwa kulitolea maoni kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata katika mkoa mmoja wa Nyanda za Juu Kusini hapa Tanzania, na nimeteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ndogo inayopitia rasimu ya mpango mkakati wa halmashauri yetu upande wa TEHAMA. Sehemu ya mawasiliano ina lengo moja tu, nalo limeandikwa kwa sentensi moja: kwamba ifikapo mwisho wa mpango, shule zote za sekondari, vituo vya afya na ofisi za kata ziwe zimeunganishwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani njia kuu ya nchi ya nyaya za faiba zinazobeba intaneti na simu. Kasi haikutajwa, gharama haikutajwa, na aliye na wajibu wa kulipia hakutajwa.

Nina sababu ya kulisumbukia jambo hili. Miaka michache iliyopita shule yetu ilipewa kompyuta kumi na mbili pamoja na kifaa cha intaneti, ukafanyika uzinduzi, wazazi wakaja kwa wingi na wanafunzi wakaimba. Baada ya miezi minne malipo ya awali yaliisha. Waliotuletea vifaa walisema kazi yao ilikuwa kufunga, nasi hatukuwa na kasma yoyote (fungu la bajeti) ya kulipia, hivyo kompyuta zile hadi leo zimefunikwa vitambaa zisiingie vumbi. Wakati huohuo shughuli za serikali zenyewe zimehamia mtandaoni: tangu mwaka 2023 manunuzi ya shule yanapitia mfumo wa NeST, hesabu zinaingizwa kwenye FFARS, na mtumishi anayetaka likizo au uhamisho anaomba kupitia ESS. Mhasibu wetu hupanda bodaboda kwenda mjini kwa nauli yake ili atimize kazi ambayo ingemchukua nusu saa ofisini.

Linalowashangaza zaidi wazee wa kijiji ni kwamba mkongo wenyewe unapita kando ya barabara kuu, kilomita sita hivi kutoka shuleni, na vigingi vyake tunaviona kila siku. Wananiuliza kwa nini kitu kinachopita mlangoni kwetu hakitufikii, nami sina jibu la kitaalamu. Naomba kueleweshwa hilo, na zaidi ya hilo naomba mnisaidie kujua sentensi ile ya rasimu iandikwe vipi ili miaka mitano ijayo tusije tukaambiwa kwamba lengo limefikiwa huku kompyuta zikiwa bado zimefunikwa.

Fundi Mstaafu

Mwalimu, umeuliza swali ambalo nimeulizwa vijijini kwa miaka mingi nilipokuwa kazini, na nitakujibu kwa mfano ambao wazee wako wataupokea bila shida. Waulize kama wamewahi kuona nguzo kubwa za umeme wa msongo mkubwa zikipita juu ya kijiji ambacho kinawasha koroboi. Umeme upo, unapita, lakini hauwezi kuingia nyumbani mpaka pawe na kituo cha kupozea, kisha transfoma, kisha nguzo ndogo na waya wa kuingia ndani. Mkongo nao uko hivyohivyo. Waya wa faiba unaopita barabarani unabeba mawasiliano kati ya kituo na kituo, na haukatwi popote mtu apendapo ili achukue chake. Anayetaka huduma lazima aipate kwenye kituo cha kutolea, yaani chumba chenye mitambo, umeme wa uhakika, betri na ubaridi wa kutosha, na kutoka hapo ajengewe kipande cha mwisho, ama kwa faiba nyingine ndogo ama kwa mawimbi ya redio kutoka mnara hadi mnara. Kipande hicho ndicho kinacholeta shida zote unazozieleza, na ndicho ambacho mipango mingi hukipitia kwa maneno mawili.

Historia kidogo itakusaidia kuona kwa nini tumefika hapa. Kabla ya mwaka 2009 pwani yote ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kupata intaneti ya nje, kwa gharama kubwa sana na kwa kasi ndogo. Mwaka 2009 waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulianza kazi ukitua Dar es Salaam na Mombasa, wenzetu wa Kenya wakapata TEAMS mwaka huohuo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa ulianza mwaka 2009 kwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, nao ukakabidhiwa kwa TTCL, shirika la simu la serikali, kuuendesha. Lengo la awali lilikuwa kuyafikisha mawasiliano yanayoletwa na nyaya hizo kutoka pwani hadi makao makuu ya mikoa na mipakani, ambako tumeunganishwa na majirani kama Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi, na sehemu ya njia hiyo ilitumia faiba zilizokuwa tayari juu ya nguzo za TANESCO, shirika la umeme. Kwa lengo hilo kazi ilifanyika, nami najivunia kuwa nilishiriki. Lakini mkongo haukubuniwa ili uingie darasani, na anayeandika kwamba shule "itaunganishwa na mkongo" bila kutaja kituo cha kutolea na kipande cha mwisho anaandika jambo ambalo hakuna fundi anayeweza kulitekeleza.

Kwa hiyo, kabla hujaandika neno, nenda kwa ofisa TEHAMA wa halmashauri mkajue mambo haya. Kituo cha kutolea kilicho karibu na shule kipo wapi, na je, kina nafasi? Mnara unaowahudumia kwa simu unapata mzigo wake, yaani mawasiliano unayoyagawa, kwa faiba au kwa mawimbi? Kama ni kwa mawimbi, mnara huo unagawana uwezo mdogo na minara mingine nyuma yake, na hapo hata mkiongezewa antena za 4G kasi itafurukuta jioni watu wote wanapoingia mtandaoni. Vilevile uulize kama mnara ni wa 2G pekee, yaani wa kupiga simu na kutuma ujumbe, usiofaa kwa intaneti ya kasi. Minara mingi ya vijijini ilijengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao sheria yake ni ya mwaka 2006, na wakati ule shida ya watu ilikuwa kupiga simu tu. Mwezi Mei 2023 mfuko huo ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713, na sehemu ya makubaliano ilikuwa kuiongezea uwezo minara ya zamani. Inawezekana kata yenu imo, nawe hujaambiwa.

Jambo la mwisho ni umeme. Nimeona vifaa vizuri vikiungua kwa sababu shule ilifungiwa intaneti bila kifaa cha kulinda umeme kisichofika hata laki mbili. Kilomita sita kwa redio ni umbali mdogo mno kwa fundi, ilimradi shule iwe inauona mnara bila kilima katikati, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba haiwezekani.

Mtafiti wa Sera, Nairobi

Nawasalimu nyote. Mzee Fundi ameeleza upande wa mitambo kwa ufasaha, nami naomba niongeze upande wa maneno, kwa kuwa katika nyaraka za sera neno moja lisilo na kipimo linaweza kubeba miaka mitano ya ahadi.

Sisi Kenya tulikuwa na mkakati wa kitaifa wa intaneti ya kasi wa mwaka 2013 hadi 2017. Mkakati huo ulisema kwamba intaneti itaitwa ya kasi iwapo itampa mtumiaji angalau megabiti 5 kwa sekunde. Mkakati uliofuata, wa 2018 hadi 2023, ulikishusha kiwango hicho hadi megabiti 2. Siwalaumu waliokishusha, kwani yawezekana waliona ni afadhali kuahidi kile kinachotekelezeka, lakini fikirini maana yake kwa anayehesabu mafanikio: mtu aliyekuwa nje ya hesabu chini ya mkakati wa kwanza angeweza kuingia ndani chini ya mkakati wa pili bila waya wowote kuongezwa kijijini kwake. Ndiyo maana, Mwalimu, namba ya kasi lazima iwe ndani ya sentensi yenyewe, pamoja na saa ya kupimia, kwa sababu kasi ya saa tisa usiku haimsaidii mwanafunzi. Shule ikiwa na kompyuta kumi na mbili zinazotumika kwa pamoja, fanya hesabu ya kiwango kinachobaki kwa kila moja.

La pili ni kuhusu kuhesabu watu. Sensa yetu ya mwaka 2019 iliuliza kila mtu mwenye umri wa miaka mitatu na zaidi kama anatumia intaneti, na waliojibu ndiyo walikuwa asilimia 22.6. Wakati huohuo takwimu za sekta, zinazohesabu laini zenye data, zilikuwa zimeshakaribia idadi ya wananchi wote. Takwimu zote mbili zilikuwa sahihi kwa kile zilichohesabu, ila moja ilihesabu laini, na mtu mmoja anaweza kuwa na laini tatu mfukoni, ilhali nyingine ilihesabu watu. Mpango unaojengwa juu ya hesabu ya laini utaona kwamba kazi imekwisha mahali ambapo haijaanza. Kwa ngazi ya halmashauri hamhitaji utafiti mkubwa: walimu wenyewe wanaweza kuuliza katika kila shule ni wanafunzi wangapi waliotumia intaneti kwa somo lolote katika mwezi uliopita.

Serikali yetu ya sasa imetangaza mpango wa kutandaza kilomita 100,000 za faiba, kuweka maeneo 25,000 ya Wi-Fi ya umma na vituo vya kidijitali katika wadi zote 1,450. Napenda ukubwa wa nia hiyo, na ninaamini vituo vya wadi ndivyo vitakavyobadilisha maisha kuliko kilomita, lakini kwa kila kituo ningependa kuona jina la anayelipia umeme na intaneti mwezi wa kumi na tatu, baada ya mwaka wa kwanza wa ufadhili kupita. Tuna Mfuko wa Huduma kwa Wote unaochangiwa na makampuni asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, na fedha hizo kwa kawaida huelekezwa kwenye kujenga. Kuendesha huachiwa shule ambayo haina senti.

Mama Steshenari, Kigoma

Shikamoo Mzee Fundi, na wengine nawasalimu. Mimi si mtaalamu, ila nina duka la steshenari mjini na kila siku nahudumia watu wanaoomba mikopo ya elimu ya juu, vyeti vya kuzaliwa, ajira za serikali na kubadilisha tahasusi za kidato cha tano. Nataka kusema kitu kimoja ambacho sijakiona hapo juu. Nusu ya wanaokuja kwangu wana simu janja mkononi na mnara wanauona kutoka nyumbani kwao. Wanakuja kwa sababu fomu ni ndefu na bando huisha kabla hawajamaliza kupakia vyeti, na kwa sababu wanaogopa kukosea jambo litakalowanyima nafasi. Akina mama wengi zaidi huja na namba zao kwenye karatasi, kwa kuwa simu ya nyumbani ni moja na ni ya baba.

Pia lipo jambo linaloniumiza. Ndani ya kaunta buku yangu nina namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) na nywila za watu mamia, kwa kuwa wameniomba niwahifadhie wasije wakasahau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu mwaka 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hakuna aliyewahi kuja dukani kunifundisha namna ya kuzihifadhi au lini nizichome. Mwalimu, kama mpango wenu utataja mafunzo, tafadhali msiishie kwa walimu na watendaji wa kata. Wenye steshenari ndio ofisi ya intaneti ya wananchi walio wengi.

Mchumi wa Kampala

Ninakubaliana na yaliyosemwa isipokuwa nukta moja, ambayo naona imepita kimyakimya katika maelezo ya Fundi: kwamba njia kuu imekabidhiwa kwa mwendeshaji mmoja, na kwamba hilo ni jambo la kawaida. Tazameni Rwanda. Mwaka 2013 serikali iliingia ubia na kampuni ya KT ya Korea Kusini, na kampuni ya ubia ikapewa haki ya peke yake ya kujenga mtandao wa 4G na kuuuza kwa jumla kwa makampuni ya simu. Mtandao huo ulizinduliwa mwaka 2014 na ukaenea karibu nchi nzima, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazijalifikia hadi leo. Hata hivyo watu waliendelea kutumia 3G, kwa sababu makampuni hayakuwa na faida ya kutosha kuiuza huduma ambayo si yao, na simu zenye 4G zilikuwa ghali. Sera mpya ya mwaka 2022 iliiondoa haki ile ya peke yake, na mwaka uliofuata makampuni yakaanza kujijengea 4G yenyewe. Nchi ilikuwa imefunikwa kwa mtandao huku watumiaji wakiwa wachache, na mzizi wa hilo ulikuwa mpangilio wa soko.

Kuhusu bei, Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2025 kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Ni lengo zuri, lakini wastani wa taifa huficha mkulima ambaye mfuko wake hujaa mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno. Na huku kwetu serikali yenyewe iliongeza mzigo. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Wengi wakaacha, wengine wakatafuta njia za kukwepa, na makusanyo hayakufikia matarajio. Mwaka 2021 tozo hiyo ikafutwa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data yenyewe, ambayo inamgusa hata mwanafunzi anayepakua notisi. Wizara moja inaandika mkakati wa kuwaingiza watu mtandaoni, na nyingine inaandika sheria ya fedha inayowatoa, zote mbili ndani ya serikali moja. Halmashauri haina mamlaka juu ya kodi hizo, ila ina mamlaka juu ya vibali na ada zake ndogondogo kwa wanaojenga minara na kuchimba mitaro, na hapo Mwalimu unaweza kusema neno.

Fundi Mstaafu

Ndugu Mchumi, hoja yako naipokea, ila mfano haulingani sawasawa. Rwanda walifunga hadi kipande cha mwisho, yaani redio inayomfikia mteja. Huku kwetu mkongo ni njia kuu tu, makampuni ya simu yana 4G zao na yana faiba zao pia katika miji. Katika njia ndefu inayopita mapori, kuchimba mitaro minne sambamba ni kupoteza fedha za wananchi. Ninachokubali ni kwamba bei ya jumla ya mkongo iwekwe hadharani na iwe moja kwa wote, na kwamba kila barabara inayojengwa upya ilazwe mabomba ya kupitishia nyaya tangu mwanzo, ili asije mwingine baada ya miezi sita akachimbua lami mpya. Kwa hilo halmashauri na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanaweza kuanza kesho bila kusubiri sera.

Hata hivyo, wingi wa njia una faida yake pale panapotokea hitilafu, ingawa nao hautoshi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba vitabu na masomo ya shule viwekwe kwenye seva (kompyuta ya kuhifadhia) iliyo ndani ya nchi, au hata ndani ya shule yenyewe, ili waya wa baharini ukikatika somo la fizikia liendelee.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Nawashukuru kwa moyo wote. Kesho nitawaeleza wazee habari ya transfoma. Sentensi ya rasimu nimeiandika upya hivi, nanyi mnisahihishe:

"Ifikapo mwisho wa mpango, kila shule ya sekondari, kituo cha afya na ofisi ya kata iwe na intaneti isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde inayopimwa saa nne asubuhi na saa nane mchana katika siku za kazi, kwa njia yoyote ya kiufundi inayofaa, na gharama ya kila mwezi ya huduma hiyo iwe katika bajeti ya halmashauri chini ya kasma moja na umeme na maji. Kila muhula shule itatoa taarifa ya idadi ya wanafunzi waliotumia intaneti katika masomo, wakitenganishwa wasichana na wavulana. Mafunzo ya matumizi na ya kulinda taarifa za watu yatawahusisha pia wamiliki wa maduka yanayotoa huduma za mtandaoni."

Nilitaja megabiti 10 kwa kuangalia idadi ya kompyuta zetu, na sijui kama nimekadiria vema.

Mtafiti wa Sera, Nairobi

Kwa kompyuta kumi na mbili inatosha kuanzia, mradi masomo yawe kwenye seva ya shule kama alivyosema Mzee. Ongeza neno moja tu: badala ya "iwe katika bajeti", andika "itengwe na kulipwa". Nimeona bajeti nyingi ambamo fedha zilikuwemo mwaka mzima bila kutoka.

Fundi Mstaafu

Na kwenye "saa nne asubuhi" ongeza pia siku ya mvua. Masika ndiyo mtihani wa redio.